Hakuomba Ufunguo

Katika nyumba ya Bi Swafiya, mavyaa wangu, mama wa mume wangu, viporo vya daku vilifungiwa kabatini mchana kutwa wa Ramadhani. Kabati lilikuwa jikoni, lenye wavu wa kuzuia nzi, na ufunguo wake Bi Swafiya aliufunga kwenye pindo la leso yake. Mwanamke aliyekuwa hana swala, yaani aliyeingia mwezini na Mungu kumruhusu kula, alimwendea akamwambia, "Mama, naomba ufunguo." Hapakuwa na haja ya neno jingine. Bi Swafiya alifungua pindo, akampa, yule akala nyuma ya mlango, kisha akaurudisha. Hivyo ndivyo mavyaa alivyojua habari za matumbo yote ya nyumba ile bila kumuuliza mtu.

Mimi sikuuomba.

Kwetu, mtaa wa Buxton, tuliishi katika vyumba viwili, mama na sisi wasichana watatu. Asiyekuwa na swala alichukua kipande chake cha sima ya jana, akageukia ukutani akala, mambo yakaisha. Lakini kwa wakwe zangu Kibokoni, mji wa kale, kufika jikoni ni lazima upite ukumbini, na ukumbini baba mkwe alikaa na msahafu wake tangu adhuhuri. Halafu alikuwapo wifi yangu Maimuna, ambaye mdomo wake haukuwa na kizuizi. Zamu yake ilipofika, alipita mbele ya baba yake akipiga kelele, "Mwenzenu leo nimepewa likizo! Ufunguo uko wapi?" Baba mkwe aliinamisha kichwa akaendelea kusoma kana kwamba hakusikia. Mimi niliona haya kwa niaba yake mpaka masikio yakawaka moto.

Nilikuwa bibi arusi mchanga. Famau, mume wangu, alikuwa ameondoka kwenda Jeddah kuendesha lori, na aliondoka mwezi wa Ramadhani ukiandama. Angekuwapo yeye, angenifichia hata ndizi mfukoni. Hakuwapo. Siku zangu ziliponijia katikati ya mwezi, nilishinda na njaa kama waliofunga. Ukifika wakati wa swala nilipanda chumbani, nikarudisha mlango, nikakaa kitandani nikitazama kabati la nguo mpaka nione wenzangu wamekwisha. Magharibi nikafuturu nao. Hakuna aliyejua, nami nikashukuru.

Kumi la mwisho mwili ukaniishia nguvu. Daku moja nilikula mbaazi za nazi, na kabla sijanawa mikono nikazitapika zote karoni. Bi Swafiya alinishika kichwa. Aliponiosha uso, alinitazama sana.

"Mapenzi," aliniita kwa jina langu. "Hukuniomba ufunguo mwezi huu."

Nilidhani amenigundua.

"Naam, mama."

"Hata siku moja."

"Naam."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanifuta midomo kwa ile leso yake. "Mwanangu wee," akasema. Hadi siku ile alikuwa akiniita "yule wa Buxton", kwa sababu yeye alimtakia Famau binti wa watu wa Kuze, waungwana wa mji wa kale, na Famau akanichagua mimi, binti wa Kidigo ambaye mama yake alichoma viazi karai barazani. Kuitwa mwanangu kulinipendeza kiasi kwamba sikuuliza nimeitiwa nini. Nilijua kesho yake aliponiambia nivae buibui twende kwa daktari.

Kliniki ya Daktari Crispus ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, na akina mama wa mji wa kale walimpenda kwa adabu zake. Hakumgusa mwanamke kabla ya kuomba ruhusa, na aliongea kwanza na mkubwa aliyemleta mgonjwa. Hilo la mwisho ndilo lililomletea wateja wengi. Ndani ya chumba chake mkubwa ndiye husema, mdogo hukaa akangoja.

"Sabalkheri, mama. Mgonjwa wetu ni nani?"

"Hakuna mgonjwa hapa. Huyu ni mkaza mwanangu, na nimekuletea habari njema."

"Ah, mama, habari njema niachie mimi nizitoe, ndiyo kazi yangu," daktari alisema akicheka. Kisha akanigeukia. "Hedhi ya mwisho uliiona lini, dada?"

Nilitazama viatu vyangu. Mavyaa akajibu.

"Ramadhani yote hii hakuniomba ufunguo."

"Ufunguo gani?"

Bi Swafiya akamweleza habari za kabati, tangu mwanzo, na jinsi mama yake mzazi alivyofanya, na mama wa mama yake. Daktari alisikiliza, kalamu mkononi, kama mtu aliyeletewa somo zuri.

"Kwa hivyo amefunga mwezi mzima."

"Mzima. Na swala zake hupanda juu akaswali peke yake. Mtoto ana haya hata mbele ya Mungu."

"Basi hiyo ni dalili kubwa. Hedhi imekosekana." Akaandika. "Kichefuchefu?"

"Juzi kazitapika mbaazi zote, pishi nzima imepotea."

"Uchovu?"

"Analala kama aliyezaliwa jana."

"Matiti, je, yanauma?"

"Daktari nawe! Ramadhani hii?"

Daktari akaomba radhi. Akauliza mume yuko wapi, akaambiwa, akahesabu kwa vidole, akasema hesabu inakubali.

Wakati huo aliingia muuguzi wake, Nekesa, mwanamke mnene wa sauti ya chini, akanipa kichupa cha plastiki chenye kifuniko. "Choo kiko pale nyuma, dada. Nitilie kidogo tu."

Mavyaa alikichukua kile kichupa mkononi mwangu akakiweka mezani.

"Cha nini?"

"Cha mkojo, mama. Tunatia kijiti, tunangoja kidogo, kinatuambia kama mimba ipo au haipo."

"Mkojo wa mkaza mwanangu ukae hapo juu ya meza, kila apitaye autazame? Mimba ya kwanza hii, na macho ya watu unayajua?" Alimgeukia daktari. "Mimi nimezaa sita. Sijakojoa chupani hata siku moja, na wote walitoka. Au wewe hujui kazi yako mpaka uambiwe na kijiti?"

Nekesa alimtazama daktari. Nami nilimtazama, kwa pembe ya jicho. Naona hata sasa jinsi alivyosita kidogo, kisha akainua mkono kumwambia Nekesa aache. Nusu ya wanawake wa Kibokoni walikuja kwake kwa sababu Bi Swafiya aliwaelekeza.

"Mama ana haki yake," alisema.

Aliomba ruhusa, akanibonyeza tumbo kwa vidole viwili juu ya buibui. Akanivuta ukope wa chini kutazama damu. "Bado changa sana, haishikiki kwa mkono. Lakini dalili zote zipo. Hongera, mama." Hongera hiyo alimpa mavyaa.

"Daktari," nilisema.

Wote watatu wakanigeukia. Nadhani hawakuwa wamenisikia sauti tangu tuingie. Neno lilikuwa ulimini, lakini lilikuwa neno la aibu, na mbele yangu alikaa mwanamume, na kando yangu mwanamke aliyeniita mwanangu.

"Naam, dada?"

"Ahsante."

Njiani nilijiambia nitamweleza mavyaa tukifika nyumbani. Lakini tulipokuwa tukipita vichochoro vile, akinishika mkono nisijikwae, nilianza kuwaza vingine. Daktari amesoma, mimi niliacha shule darasa la sita. Amenipima, ameandika. Huenda damu ile ilikuwa damu nyingine. Shangazi yangu mmoja alisema alitokwa na damu na mimba ikiwemo. Mtu mwenye elimu akikwambia kilichomo tumboni mwako, wewe ni nani hata umbishie? Tulipofika mlangoni nilikuwa karibu nimeamini, na aliponitengea futari yangu mbali, na kuku ndani yake, nikamaliza kuamini.

Nyumba ilikuwa na simu, na Famau alipiga kila Ijumaa. Mama yake alimweleza kwanza, kisha akanipa mkono wa simu. Upande wa pili nilimsikia mwanamume mzima akilia.

"Mapenzi, ni kweli?"

"Daktari ndiye aliyesema."

"Mama anasema umempendeza. Unajua nilivyoliomba hilo?"

Nilijua. Ndilo jambo ambalo na mimi nililiomba.

Bi Swafiya alificha habari ile kwa kuogopa husuda, ambayo maana yake ni kwamba alimwambia kila mtu peke yake, kwa siri. Baada ya Idd nikisimama dirishani wanawake waliopita chini waliniinulia macho na kutabasamu. Wenzangu walipofunga zile siku sita za sunna, mimi nilikatazwa. Nilikuwa na kadha yangu ya siku nilizokosa, deni la Mungu, nikamwambia mavyaa kwa njia ya kuzunguka kwamba ningependa kufunga siku kadhaa. Akaniziba mdomo kwa kiganja chake. "Kula," akasema. "Wewe sasa si wako."

Jumapili moja aliniruhusu kwenda kumwona mama. Maji yalikuwa yamekatika Buxton kwa muda, na nilipofika mwenye mkokoteni alikuwa amemaliza kushusha mitungi. Niliinua mmoja, nikapanda nao ngazi chache kumpelekea mama.

"Weka chini! Wewe si una mimba?"

"Nani kakwambia?"

"Mavyaa wako kamwambia mwenye duka, kwa siri. Mwenye duka kaniambia mimi, kwa siri."

Tukacheka. Lakini nilipoketi mbele yake, ndani ya chumba chetu, pale ambapo tulizoea kusemezana bila kificho, niliona ule uongo umekaa baina yetu. Nikamweleza. Mama alisikiliza akimenya viazi. Kisu kikasimama.

"Kwa hivyo Ramadhani ulikuwa mwezini."

"Ndiyo."

"Siku zako zote, kama kawaida?"

"Kama kawaida."

"Na daktari hakukupima kwa kitu?"

"Mavyaa alikataa."

"Basi huna kitu, mwanangu. Una upepo na maneno ya watu." Alitupa kiazi ndani ya sufuria. "Nenda ukamwambie leo. Leo hii. Maana tumbo lisipokuwapo, halitakuwapo, na siku ya kuonekana halipo watatafuta mtu wa kumbebesha."

Nikaondoka nimeazimia kabisa. Nilirudia maneno yangu njia nzima. Bi Swafiya alinipokea mlangoni, akanipokonya mfuko, akaniambia nitangulie juu nikapumzike. Nikavua buibui, nikatangulia ngazi. Yeye alikuwa nyuma yangu, na yeye ndiye aliyeona damu kwenye gauni langu kabla mimi mwenyewe sijahisi kitu.

Alipiga ukelele mmoja tu.

Maimuna alitoka chumbani mbio. Wakanilaza. Wakawasha udi, sijui kwa nini. Mavyaa alikuwa akilia kikweli, naye Maimuna alisimama mlangoni amefunga mikono. "Asubuhi alikuwa mzima," alisema. "Kaenda kwao, karudi hivi. Wadigo hao, kila kitu wana mzizi wake."

"Nyamaza," mama yake alimwambia. Lakini nilimwona akinitazama upya, jinsi anavyotazama samaki sokoni kabla ya kununua.

Kesho yake tulikuwa tena mbele ya Daktari Crispus. Safari hii Nekesa alipoleta kichupa, mavyaa hakusema neno. Nikaenda nyuma, nikarudi, Nekesa akaingia na kichupa chumba cha pili. Ndipo nilipoyasema maneno yangu, niliyoyarudia njia nzima ya Buxton. Niliyatoa yote kwa pamoja, macho yangu mezani.

"Daktari, Ramadhani niliingia mwezini. Sikuwa na mimba. Niliona haya kuomba ufunguo."

Chini dukani nilisikia mtu akichana kitambaa.

"Nini?" alisema mavyaa.

"Niliona haya, mama."

"Ulishinda na njaa, na Mungu mwenyewe amekwambia ule?"

"Naam."

"Ulipanda juu saa za swala ukafanya nini?"

"Nilikaa tu."

Bi Swafiya alicheka, kicheko kisicho na furaha yoyote. "Daktari, umesikia? Nimeishi miaka yote hii sijamsikia mwanamke aliyejifungisha na njaa kwa kuona haya ya ufunguo. Kama ni kweli, amenidanganya Ramadhani nzima. Kama si kweli, ananidanganya saa hii. Na mtu hakani mimba iliyotoka, ila awe na sababu ya kuikana."

Nekesa aliingia na kijiti juu ya kipande cha pamba, akakiweka mbele ya daktari. Hakusema kitu. Daktari alikitazama muda mrefu kuliko unaohitajika kutazama mstari mmoja.

"Hakuna mimba sasa," alisema.

"Imetoka," alisema mavyaa.

Daktari alimtazama yeye, akanitazama mimi, akakitazama tena kijiti. "Hakuna mimba," alirudia. Kisha, polepole: "Imetoka yote, mama. Tumbo ni safi. Hahitaji kusafishwa. Damu ya mwanzo mwanzo hutokea kwa wengine, labda ndiyo anayoisema."

Mavyaa aliinuka kwenda kwenye dirisha la dawa kuchukua vidonge vya kuongeza damu. Mlango ulipofungwa, Daktari Crispus aliteremsha sauti.

"Mimba ikitoka, kijiti hakisafiki siku hiyo hiyo. Kwa kawaida huendelea kuionyesha kwa muda, wiki hata zaidi."

Nilichelewa kuelewa. "Kwa hivyo haikuwapo."

"Sidhani ilikuwapo."

"Basi mwambie mama."

"Nimwambie nini? Kwamba sikupima?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio unaoniuma mpaka leo. "Watu wote wamekwisha kupewa habari. Nikigeuka sasa, kesho hakuna atakayepanda ngazi hizi. Na wewe itakusaidia nini? Mimba nyingi huharibika, si aibu, wala si kosa la mtu. U kijana. Utazaa."

"Yeye anasema nimeitoa."

"Hasira za leo tu. Zitapoa."

Nekesa alikuwa akiosha kile kichupa kwenye beseni. Maji yalitiririka muda mrefu. Hakugeuka.

Hasira hazikupoa. Ijumaa Famau alipopiga simu, mama yake aliongea naye kwanza, mlango umefungwa, nami nikakaa ngazini. Nilipoitwa, ukumbi ulikuwa umejaa. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake, Maimuna dirishani, mavyaa kando ya simu. Hakuna aliyeondoka.

"Mapenzi." Sauti ya Famau ilikuwa kavu. "Niambie wewe mwenyewe."

Nilisema. Nilitamka neno hedhi mbele ya baba mkwe, nikiwa nimefumba macho. Nilisema habari za ufunguo, na za chumbani, na kwamba daktari aliniambia faraghani mimba haikuwapo.

"Muongo!" mavyaa alidakia. "Kasema imetoka yote. Nimesikia kwa masikio haya."

Nyuma ya Famau nilisikia magari ya Jeddah.

"Siku ile nilikuuliza, ni kweli? Ukaniambia daktari kasema. Kama haikuwapo, umeniacha nilie bure na ukijua. Kama ilikuwapo, umemuua mwanangu. Mimi nichague lipi?"

"Famau, wallahi..."

"Nitapiga Ijumaa ijayo. Nataka neno moja, la kweli. Nikisikia tena hekaya za kabati, nitamwambia baba akurudishe kwenu, na karatasi ya talaka itakufuata."

Wiki ile niliikaa chumbani zaidi. Niliwaza kwenda kwa kadhi, nikawaza nitamwambia nini, na nani atakuja kunishuhudia. Daktari? Siku ya Jumatano Bi Swafiya alipanda, akaketi kitandani kwangu. Alionekana amechoka, na nywele zake za mvi zilikuwa nje ya mtandio. Sitaki kumsingizia, alikuwa akimlilia mjukuu wake. Kwake yeye alikuwa amekufa mtu.

"Sikiliza," alisema. "Mimi sikutaki urudi kwenu. Mwanangu anakupenda, atakonda huko. Lakini siwezi kukaa na mtu anayekana. Mtu akikosa akakiri, husamehewa. Wewe kwenu ulifanya nini Jumapili?"

"Nilimsaidia mama mtungi wa maji."

Aliinua uso. Niliona jinsi uso ule ulivyolegea, kama aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta.

"Ulibeba mtungi."

"Ngazi chache tu."

"Basi ndilo hilo! Ujinga wa ujana na ujinga wa mamako. Hilo mtu hulielewa. Sema hilo kwa Famau, sema ulikuwa nayo, ukabeba maji, ikatoka, unaomba msamaha. Mimi mwenyewe nitakuombea. Na mamako aje alisikie."

Mama alikuja Ijumaa asubuhi. Nilimwona kutoka dirishani akija na buibui lake lililopauka, akijifuta jasho kabla ya kubisha. Nilishuka mbio nikamzuia kwenye daka la mlango, kabla hajaingia ndani, nikamweleza walichokitaka.

"Sitakubali, mama," nilimwambia. "Nitasema kweli, niende zangu nyumbani."

Alinivuta pembeni ya mlango.

"Nyumbani wapi? Kwa habari gani? Mwenye duka atasema umerudishwa kwa kutoa mimba. Mwenye maji atasema. Na wadogo zako wawili wale, nani atakayekuja kuwachumbia?"

"Lakini wewe unaijua kweli."

"Naijua. Wewe unaijua, mimi naijua, na Mungu anaijua. Wanaotuhukumu hawaijui." Alinitengeneza mtandio kichwani. "Unampenda mumeo?"

Niliinamisha macho. Aliona.

"Basi sema nilikubebesha mimi. Usiseme ulibeba mwenyewe. Sema mamangu aliniambia beba. Hasira zao ziangukie huku, mimi silali kwao."

Tuliingia. Simu ililia baada ya swala. Nilisimama pale pale, watu wale wale, na mama yangu akiwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, kwa sababu hakuna aliyemwambia apande kitini.

"Nambie," alisema Famau.

"Nilikuwa nayo," nilisema. "Nilibeba mtungi wa maji kwa mama. Ikatoka. Nisamehe."

"Nani alikubebesha?"

Nilimtazama mama. Alikuwa akitazama mikono yake. Akatikisa kichwa kidogo tu, kunihimiza.

"Mama alinituma."

Maimuna alisonya. Baba mkwe alisema, "La haula," akafungua msahafu. Upande wa pili wa simu Famau alilia tena, sasa kwa mtoto aliyekuwa ameshampa jina, na alipomaliza alisema, "Nimekusamehe, Mapenzi. Wewe nimekusamehe." Ile "wewe" aliirudia makusudi. Nikasema ahsante.

Bi Swafiya alinikumbatia mbele ya wote. Kisha akamgeukia mama. Hakupaza sauti, watu wa Kibokoni hawapazi sauti wakimaliza jambo.

"Bibi, tumekwisha. Mtoto tutamtunza sisi. Kwako hatakuja tena, maana kwako hakuna usalama wa tumbo. Nawe usijisumbue kuja huku."

Nilifungua kinywa. Mama aliinuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka.

"Haki yenu," alisema. "Nimekosa. Mnisamehe." Akavaa ndara zake mlangoni, akatoka.

Famau amekwisha kuja likizo akarudi Jeddah. Ni mume mwema. Hajanirushia neno hilo hata siku moja, na hilo nalo naliona zito, kwa sababu husamehe kila anaponiangalia. Mavyaa hunisimulia kwa wageni: yule alibebeshwa maji na mamake, masikini, hakujua. Wageni hunionea huruma, wakamlaani mama yangu, nami ninapitisha sahani ya kaimati.

Mwezi uliopita tulikwenda sokoni Marikiti, mavyaa na mimi, kununua vitu vya harusi ya Maimuna. Palikuwa na msongamano, na kwa ghafla nikamwona mama upande wa pili wa meza ya ndimu, kikapu mkononi, amekonda. Bi Swafiya alimwona pia. Nikahisi vidole vyake vikinifunga kwenye kifundo cha mkono, si kwa nguvu sana. Nilijua nikisema neno moja tu, hata la salamu, litafika Jeddah Ijumaa.

Mama alituona. Alimtazama mavyaa, akautazama mkono wangu uliokuwa umeshikwa. Kisha, ili mimi nisilazimike kuchagua, yeye ndiye aliyegeuka kwanza. Alimpa mgongo binti yake, akamuuliza muuzaji bei ya ndimu, na muuzaji alipomwambia, akauliza tena, na tena, mpaka tulipokwisha kupita.